Mwalimu Aliyeisahau Julai

Mwalimu alikuwa na taulo dogo la buluu iliyopauka, na taulo hilo halikumtoka begani. Kila Desemba aliposhuka kwenye treni ya kutoka Mombasa, mimi nililiona taulo kabla sijaiona sura yake. Alilifutia uso, shingo, viganja vya mikono, na hata kiti kabla hajakikalia. Nilimwambia mara nyingi kwamba mwanamke mwenye digrii hatembei na taulo begani kama kinyozi. Alicheka tu. Alisema kule anakofundisha hata mkuu wa shule ana la kwake, na asiye na taulo hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Kule ni Shelisheli. Kabla ya kwenda huko alikuwa akifundisha jiografia katika sekondari moja hapa Voi, na alipanga chumba nyuma ya duka langu. Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani zangu karibu na soko, na binti yangu Rehema alikuwa darasani kwake. Ndivyo tulivyoshikana. Habari za ukoo wake na za waliomzaa sizijui vizuri na wala sikuwahi kuziuliza. Nilijua kwamba kwao ni Wusi, huko juu milimani, na kwamba huko alikuwa na mama mzee na kaka mmoja, na hayo yalinitosha.

Mtu wa milimani akiletwa Voi utamjua kwa malalamiko yake. Mwalimu alilalamika tangu Januari hadi Desemba. Jua la hapa lilimkosesha raha, vumbi jekundu lilimkera, na mabati ya chumba chake aliyaita sufuria. Mchana alikuwa akija dukani kwangu, anavua viatu, anaweka nyayo zake kwenye sakafu ya simenti na kufumba macho. Wateja wangu walimzunguka kama vile wanazunguka meza. "Mama Rehema," aliniambia siku moja bila kufumbua macho, "nyinyi watu wa hapa mmefanywa na nini?" Nikamjibu kwamba sisi tumefanywa na udongo kama yeye, ila wetu umeshachomwa.

Basi alipopata kazi ng'ambo, na akaambiwa kwamba huko kuna joto kuliko hapa, alifanya jambo lililochekesha mji mzima. Aliamua kujizoeza. Alitoa sweta lake zito la Wusi, lile alilofumiwa na mama yake, akawa analivaa saa sita mchana na kutembea nalo kutoka shuleni hadi sokoni na kurudi. Jasho linamchuruzika, uso umemwiva, na yeye anatembea kichwa juu kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Wauza nyanya walimpigia makofi. Mzee mmoja wa msikitini alinifuata dukani akaniuliza kwa upole kama jirani yangu yule ana watu wa kumwangalia.

Nilimwambia aache. Akanijibu kwa ile sauti yake ya darasani: "Mwili ni mwanafunzi mzito, Mama Rehema. Ukimrudia rudia somo, mwishowe anashika. Na akishashika, hasahau tena."

Maneno hayo aliyapenda. Aliwaambia wanafunzi waliobaki nyuma katika mbio, alimwambia Rehema alipokuwa akijifunza kuendesha baiskeli, na alikuwa akijiambia mwenyewe. Nami nimeyakumbuka mara nyingi mno siku hizi, na kila nikiyakumbuka moyo unaniuma.

Sweta halikumsaidia kitu. Joto la Voi ni kavu. Linakuchoma, ukiingia kivulini linakuacha. La kule, alinieleza kwa ujumbe wa sauti wiki ya kwanza huku akihema, halina kivuli. Linaingia nyumbani pamoja nawe na kulala nawe. Alioga akajifuta, na kabla hajamaliza kujifuta akawa ameloa tena, hajui ni maji ya kuoga au ni jasho jipya. Chumvi ilikuwa maji mezani. Biskuti alizozifungua jioni, asubuhi zilikunjika bila kuvunjika. Viatu vyake vya ngozi, vile vizuri vya kwenda mahojiano, alivikuta kabatini vimeota manyoya ya kijani. Daftari za wanafunzi zilishikana kurasa, na alipozisahihisha mkono wake uliacha alama ya unyevu hata wino ukasambaa. Bahasha zilijifunga zenyewe.

Muhula wa kwanza alizimia darasani akiwa anachora ramani ubaoni. Wanafunzi walimpepea kwa vitabu. Alipozinduka, alisema, jambo la kwanza alilofanya ni kuwauliza mto ule unaelekea bahari gani. Ndivyo alivyokuwa. Lakini usiku ule alinitumia sauti akilia, na hakuwa mtu wa kulia. Alisema anataka kurudi nyumbani, anataka baridi, anataka ukungu wa Wusi umwingie puani. Nilimwambia arudi. Akajibu, "Na mama je? Nitamjengea nyumba kwa pesa gani?"

Hapo ndipo jambo lote lilipokaa. Mama yake alikuwa akiishi kwenye nyumba ya udongo, na maisha yake yote yalikuwa jikoni, kwenye kijumba cha moshi kilichokuwa nyuma. Humo alipika, humo alikaa, na miaka ya mwisho humo alilala pia, karibu na mafiga. Mwalimu hakuweza kuuvumilia moshi ule. Aliusikia kwenye kikohozi cha mama yake kila alipompigia simu. Alikwenda kufundisha kwenye kisiwa cha watu ili mama yake atoke jikoni, alale kwenye nyumba ya mawe, yenye sakafu inayong'aa na hewa safi. Alijiwekea nadhiri kwamba nyumba ikiisha angerudi, akae na mama yake mpaka mwisho. Kwa hiyo hakurudi. Alinunua taulo.

Polepole mwili wake ukashika somo. Alijifunza kutembea taratibu, kwa kufuata upande wa ukuta wenye kivuli. Alijifunza kuoga kabla ya kwenda shule, akirudi, na kabla ya kulala, na kutojifuta. Alianika viatu juani kila Jumamosi. Aliacha suruali nzito, na kila Desemba alikuja na vitambaa vya pamba nyepesi nimshonee magauni mapana yasiyogusa mwili. Alinizuia nisiyatie bitana. "Wacha hewa ipite," alikuwa akisema, huku anavuta kitambaa mbali na mgongo wake kwa vidole viwili. Tabia hiyo ya kuvuta nguo mgongoni alibaki nayo hata palipokuwa hakuna joto.

Tena alikuwa na vituko vyake. Mtu yule yule aliyekuwa hawezi kukaa bila feni alikunywa chai ya moto sana, inayochemka, mchana wa jua kali, na akataka na mimi ninywe. Shuleni alijulikana kwa ukali, Rehema anasema darasani kwake hata nzi aliomba ruhusa, lakini wanafunzi wake wa kule walipomaliza mtihani aliwapikia kimanga. Aliwapondea mihogo na maharagwe mwenyewe, kwenye jiko la gesi, jasho likidondoka. Walikula kwa adabu. Mmoja alimwuliza kama ni chakula cha wagonjwa, na hilo lilimchekesha mwaka mzima.

Somo alilolipenda kuliko yote, tangu alipokuwa hapa Voi, lilikuwa la joto na mwinuko. Hakuhitaji ramani. Aliwatoa watoto nje ya darasa, akawaelekeza kwa rula milima yao wenyewe, akawauliza: "Sisi hapa Voi tunakaangwa. Wundanyi pale, wanavaa sweta. Jua si ni lile lile? Nani anaweza kuniambia kwa nini?" Rehema alikuwa akiimba jibu nyumbani huku akiosha vyombo, kwamba kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua. Ubaoni Mwalimu alichora mlima, na juu ya mlima akamchora bibi kizee mwenye kitambaa kichwani, amejikunyata. Kila darasa lilimjua bibi yule. Watoto walimwita Bibi Baridi, na Mwalimu hakuwaambia kwamba alikuwa akimchora mama yake.

Mtu aliyefundisha hayo, tena akayafundisha vizuri, ndiye aliyefanya alilolifanya. Sijui nilielezeje bila kumwonea.

Likizo kubwa ya kule huwa Desemba. Kila mwaka alikuja mwezi huo, analala kwangu usiku mmoja, asubuhi anapanda kwao. Desemba milimani ni kuzuri. Mvua zimepungua, mbingu ni safi, mchana unakaa nje bila sweta na usiku blanketi moja linatosha. Alikaa kwao wiki chache, akashuka tena kabla shule hazijafunguliwa. Miaka ikapita hivyo, na miaka yote hiyo hakuiona Julai ya Wusi hata mara moja, ile Julai ambayo ukungu hushuka asubuhi na huondoka ukipenda, na nguo hushinda kwenye kamba siku nzima bila kukauka.

Na ramani ya nyumba aliichora huko Shelisheli, kitandani, feni ikiwa imeharibika. Aliniambia mwenyewe, kwa fahari. Alichora madirisha mapana pande zote, yakitazamana ili upepo upite katikati. Dari ilikuwa juu. Juu ya kila dirisha kulikuwa na safu ya matofali ya matundu, yale ya kupitisha hewa, yasiyofungika. Ilikuwa nyumba nzuri. Picha zilipokuja nilizionyesha kwa wateja wangu, na wote wa Voi tulisema kwamba hiyo ndiyo nyumba ya kulala mtu. Nani hapa angesema vingine? Sisi hewa ndiyo tunayoililia.

Kaka yake ndiye aliyesimamia ujenzi. Baadaye alinieleza kwamba fundi mjenzi alipoyaona matundu kwenye ramani aliuliza kama wanajenga nyumba au ghala la kukaushia mahindi. Kaka akampigia dada yake. "Nilimwambia, fundi anasema hizi madirisha ni mingi, na hizo matundu hapa kwetu hatuwekangi. Akaniambia, nyinyi mmezoea kukaa kama panya kwa moshi. Akasema, hewa! Weka hewa! Sasa mimi ni nani? Pesa ni yake, masomo ni yake." Basi hewa ikawekwa.

Mama alihamia humo Desemba ile ile vyumba vilipokwisha, baraza na vigae vikabaki, navyo vikamrudisha Mwalimu kule miaka mingine michache. Mchungaji aliomba mlangoni, watu wakala, na mama akaonyeshwa chumba chake, chenye kitanda kipya na dirisha linalotazama bonde. Mwalimu alisimama katikati ya chumba, akainua mikono yake upepo umpite kwapani, akasema, "Mama, sikia hewa!" Mama akasema ni nyumba nzuri. Tena kwao nyumba ikijengwa na mtoto, mzazi hawezi kuiacha ikalala tupu. Majirani watauliza kuna nini, watasema mama amemkataa binti yake. Yule bibi asingemfanyia mwanawe hivyo, hata kama angekatwa kidole.

Hapa niseme habari ya leso. Kila Desemba Mwalimu akipita kwangu alinunua doti moja ya leso hapa hapa sokoni kwa ajili ya mama yake, na mimi nilizikata na kuzipinda yeye akinywa chai yake ya moto. Alichagua rangi kali, nyekundu na manjano, kwa sababu alisema ukungu wa kwao unakula rangi. Aliona fahari kumpelekea. Lakini kila mwaka alilalamika. "Leso zote nilizompa ziko sandukuni, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Simwoni nazo. Sijui hazipendi?" Nilimwambia wazee ndivyo walivyo, wanaweka vitu vizuri kwa siku isiyokuja. Mara moja alimgombeza mama yake, kwa nini naleta nguo huvai? Mama akamjibu, "Nazitumia, mwanangu, usijali." Akatusimulia sisi, tukacheka, tukasema bibi anajua kudanganya.

Kuna ishara tuliziona, wala hatukuzisoma. Jioni moja ya Desemba, hapa Voi, watu wote tumekaa nje tunajipepea kwa makatoni, Mwalimu alijikunja akaniomba mtandio wangu. "Leo kuna kibaridi," akasema. Tulimcheka mpaka machozi yakatutoka. Rehema akamwambia, "Mwalimu, umekuwa Mswahili kutupita sisi." Naye akafurahi. Aliona kwamba mwanafunzi mzito amefaulu mtihani.

Kisha ikaja Desemba ambayo hakuja. Alitaka nauli iende kwenye vigae vya baraza, na aliona mwaka mmoja zaidi utamtosha, aje moja kwa moja. Mwezi wa sita, mwalimu mwenzake aliyekuwa akirudi Kenya aliniletea dukani doti mpya, ameinunua Mombasa kwa niaba yake, pamoja na ujumbe wa sauti: "Mama Rehema, zipinde hizo. Ni za ile Desemba niliyokosa. Kaka atashuka kuzichukua." Nilizipinda siku ile ile, nikaziweka kwenye rafu.

Kaka hakushuka. Mama yake alishikwa na kifua. Walimpeleka hospitali, akalazwa, akaambiwa ni nimonia, na hakurudi. Ilikuwa Julai.

Nilipanda kwenda maziko. Mwalimu alikuwa amefika usiku uliotangulia, na taulo lake lilikuwa begani, amelisahau hapo. Hakulia mbele ya watu. Alitetemeka tu, mwanzo hadi mwisho, na wanawake wakamvisha koti moja juu ya jingine. Nilidhani ni uchungu. Mimi nilikaa nje na wageni, meno yakigongana, sikuingia ndani ya nyumba, na leso zilibaki dukani kwangu. Siku kama ile humpi mtu zawadi ya marehemu. Baada ya hapo alikwenda kule kumaliza mkataba wake, akarudi, akapita Voi bila kusimama. Mwaka ukaisha. Leso zikakaa kwenye rafu, na kila nilipofagia nilizipangusa vumbi.

Julai iliyopita akanipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naomba uje unipimie mapazia, Mama Rehema. Mazito. Kama blanketi." Nikachukua tepu yangu ya kupimia, nikazitia zile leso kwenye mkoba, nikapanda.

Kaka yake alinipokea barabarani. Mtu mpole, mikono imejaa udongo wa shamba. Kabla hatujafika kwenye ua alisimama. "Ongea na yeye, Mama Rehema. Anakusikia wewe. Hiyo matundu nimesema tuzibe. Simenti nilinunua, iko hapo store inaganda. Amekataa. Na baridi inammaliza, hata usiku nasikia anatembea tu ndani ya nyumba."

Nyumba ilikuwa kama kwenye picha, nzuri, nyeupe, na ukungu ulikuwa ukiingia dirisha moja na kutoka jingine. Mimi mtu wa Voi nilisimama sebuleni nikahisi niko nje. Mwalimu alikuwa chumbani kwa mama yake, amekaa kitandani, amevaa makoti na soksi mbili mbili, taulo amelizungusha shingoni. Alikuwa amezeeka. Tulikumbatiana, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka kuchota maji mtoni.

"Kwa nini hulali jikoni, kwenye moto?" nilimwuliza. Sikuweza kujizuia.

"Huko naenda kupika. Kulala nalala hapa."

"Utaumwa, Mwalimu."

"Mwili umeshika joto, Mama Rehema. Nilimfundisha mwenyewe. Sasa hataki kujifunza kingine." Alijaribu kucheka.

Nilikwenda dirishani na tepu yangu, nikainua macho, na ndipo nikaona. Matofali ya matundu juu ya dirisha yalikuwa na rangi. Nyekundu, manjano, kijani, zambarau. Kila tundu lilikuwa limejazwa kitambaa, kimekunjwa vizuri na kusukumwa mpaka ndani. Niliinua mkono nikagusa kimoja, nikakuta pindo, na pindo lilikuwa langu. Kona zangu nazijua. Nilitazama safu nzima, zote zilikuwa kazi yangu, Desemba baada ya Desemba.

Mwalimu alinieleza akiwa ametazama sakafu. Kila mwaka mvua za Mei zikiisha, mama yake alipanda juu ya kiti na kuziba matundu kwa leso. Kila Novemba alizitoa, akazifua, akazipiga pasi ya makaa, akazirudisha sandukuni kabla binti hajafika. Kaka alijua. Alikatazwa kusema. "Mama alimwambia, mtoto anaungua kule kwa ajili ya nyumba hii, sasa mimi niseme nasikia baridi? Akamwapisha. Na mimi nikimpigia simu nilimwuliza, Mama, kule kukoje? Ananiambia, kuko vizuri, nyumba ni kubwa. Ananiuliza mimi joto likoje. Namwambia nimezoea. Kila siku nilimwambia nimezoea, hata siku niliyozimia." Alifuta uso kwa ncha ya taulo. "Mimi ndiye mwalimu wa jiografia. Nilimchora ubaoni, Mama Rehema. Amejikunyata. Watoto wote walijua kwamba anasikia baridi."

Nilimwambia alikuwa mzee. Nilimwambia wazee wengi huondoka na Julai, hata walio kando ya moto, na kwamba siku ya kufa ni ya Mwenyezi Mungu. Hayo yote ni kweli, na yote hayakumfikia. Nilimwambia pia kwamba kaka yake anasema kweli, matundu yazibwe. Akatikisa kichwa. Wakiyaziba, alisema, itabidi leso zitolewe, na zikitolewa hataona tena mkono wa mama yake ulifika wapi.

Akanionyesha mwisho wa safu, upande wa kichwa cha kitanda. Hapo palikuwa na matundu mawili wazi. Ukungu ulipita humo kama mvuke wa birika. "Hazikutosha," alisema. "Hapo ndipo zilipoishia."

Nilifungua mkoba wangu. Nikaitoa doti ile, leso mbili zilizopindwa, bado zinanuka duka langu, nikaziweka kitandani kati yetu. Alizitazama. Akazijua bila kuambiwa. Akachukua moja, akaipitisha vidole kwenye pindo lote mpaka kona ya nne, na mimi nikatazama nje kwenye bonde ambalo halikuonekana.

Kisha akavuta kiti, kile kile cha mama yake nadhani, akapanda juu yake. Akaikunja leso ya kwanza na kuisukuma kwenye tundu, polepole, kwa ncha za vidole, akaibana pembeni. Ya pili aliishika muda mrefu. Alikuwa akitetemeka, na nilitumaini ataifungua ajifunike mabegani. Akaikunja nayo, akaisukuma ndani. Upepo uliokuwa ukilia kichwani mwa kitanda ukanyamaza.

Akashuka, akakirudisha kiti ukutani. Akalivuta taulo likamkaa vizuri shingoni, akaniambia tuanze kupima na dirisha hilo.